Kuandika Wasifu wa Mwenye Chombo kutokana na Mahojiano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo waandishi wanaoanza huuliza wanapotaka kuandika wasifu wa mtu anayeendesha biashara ya chombo cha baharini hapa Unguja au Pemba. Majibu yametolewa na mhariri ambaye husoma rasimu za aina hii, na pale anapotoa maoni yake mwenyewe amesema hivyo.

Wasifu wa mwenye chombo ni makala ya namna gani?

Ni makala yanayomweleza mtu mmoja kupitia kazi yake, yakitegemea maneno yake mwenyewe, maneno ya wanaofanya naye kazi, na yale ambayo mwandishi ameyaona kwa macho yake. Msomaji akiyamaliza anapaswa kuwa amefahamu namna mtu huyo anavyofikiri pale anapolazimika kuchagua: kutoka au kubaki wakati kusi, yaani upepo wa kusini, linavuma, kununua mashine mpya au kutengeneza iliyochakaa, kumlipa baharia kabla ya kulipa deni la mafuta. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu rasimu nyingi hujaa sifa, kama vile mchapakazi, mcheshi na mpenda watu, bila ya kumwonyesha mtu huyo akiamua lolote, na sifa hizo unaweza kuziondoa kwake na kumpa jirani yake bila ya msomaji kugundua kitu. Maswali yote yanayofuata yamejengwa juu ya jambo hilo moja, yaani kutafuta maamuzi ya mtu na sababu zake.

Je, ni lazima awe mwenye boti ya watalii?

Hapana, na kwa maoni yangu boti za watalii zimeshaandikwa kupita kiasi ukilinganisha na vyombo vingine. Wapo wanaovusha abiria kila siku kati ya Mkokotoni na Tumbatu. Wapo wenye majahazi yanayopakia mizigo Malindi, mjini Unguja. Pemba wapo wenye mashua zinazowaunganisha watu wa Kojani, Fundo, Makongwe na Kisiwa Panza na skuli, soko na hospitali, na ukisafiri nao asubuhi moja utaona ni sehemu gani kubwa ya maisha ya kijiji inayotegemea mashine ya mtu mmoja. Wapo wenye vyombo vya dagaa ambao usiku wao ndio mchana wao. Wapo pia wanawake waliorithi chombo au walionunua chombo kwa fedha zao na kukikabidhi kwa nahodha. Hawa hawaonekani diko, yaani pale pwani vyombo vinapofikia na samaki kuuzwa, hivyo mwandishi asiyeuliza chombo ni cha nani hasa huondoka akidhani ni cha yule aliyeshika usukani.

Ukimchagua mwenye boti ya wageni wa Kizimkazi, Nungwi au Forodhani, hakuna ubaya, ila utafute kwake jambo ambalo mgeni aliyelipia safari hawezi kuliona.

Nijifunze nini kabla ya kwenda kuhojiana naye?

Jifunze bahari kwanza. Mwandishi asiyejua tofauti ya kaskazi, yaani upepo wa kaskazini, na kusi hataelewa nusu ya majibu atakayopewa, na mwenye chombo akiligundua hilo atakupa majibu ya juu juu, yale anayowapa wageni. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba. Kati yao huwapo kipindi cha upepo mwepesi usiotulia upande mmoja, ambacho wenyewe hukiita maleleji. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na hata leo, ingawa boti nyingi zinakwenda kwa mashine, pepo hizo ndizo zinazoamua upande gani wa kisiwa unafaa kutia nanga, miezi gani biashara hulala, na lini chombo hupandishwa pwani kutengenezwa.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, ambalo hutokea karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa katika visiwa vyetu hukaribia mita 4, na pwani iliyokuwa imejaa maji alfajiri huwa kiwanja cha mchanga adhuhuri. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Ratiba ya mwenye chombo hufuata hesabu hii, na kwa kuwa saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, mtu anayekwambia kwamba leo anatoka saa mbili na kesho kutwa anatoka saa nne hababaishi.

Jambo la tatu ni chombo chenyewe. Mtumbwi, ngalawa, dau, mashua na jahazi ni vyombo mbalimbali, na kuviita vyote "boti" ni dharau kwa mtu aliyetumia miaka kununua kimojawapo. Ngalawa ina matengo na marengu ya kuiweka sawa juu ya maji. Mashua na jahazi zina mkuku, ambao ni uti wa chini wa chombo, mataruma, ambayo ni mbavu zake, na ubao juu ya ubao, na nafasi kati ya mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi ambayo mafundi huiita kalafati. Boti za faiba zimeenea kwa kuwa hazihitaji kazi hiyo, lakini zikipasuka hutengenezwa kwa ujuzi mwingine kabisa. Kama una siku moja tu ya maandalizi, nakushauri uitumie Nungwi, kaa na mafundi wanaounda vyombo pwani, na usikilize majina ya vitu wakati wanafanya kazi.

Mwisho, soma habari za sheria na taasisi zinazohusika. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na inashughulikia usalama wa vyombo vya baharini. Shirika la Bandari Zanzibar linasimamia bandari. Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi iliundwa mwaka 2020. Baadhi ya maeneo ya bahari ni hifadhi, kwa mfano Ghuba ya Menai tangu 1997 na kisiwa cha Misali, Pemba, tangu 1998, na mwenye chombo anayefanya kazi huko ana maoni makali kuhusu ada na mipaka, yawe ya kuunga mkono au ya kupinga.

Nimwendee wapi, na wakati gani?

Mwendee diko au bandarini, mahali kazi inapofanyika, na umwombe siku ya mazungumzo marefu badala ya kuanza papo hapo. Mwenye boti ya wageni hana nafasi asubuhi. Anayevusha abiria hupata nafasi maji yanapokuwa yamepwa na chombo kimepwelewa. Mwenye chombo cha dagaa hupatikana zaidi katika siku za mwezi mpevu, kwa sababu mwanga wa mwezi huzishinda taa zake na vyombo vingi havitoki. Epuka Ijumaa kabla ya sala, na mchana wa Ramadhani usimchoshe mtu aliyefunga kwa saa mbili za maswali. Baada ya tarawehi, kinyume chake, utapata mazungumzo ambayo hutayapata katika mwezi mwingine wowote.

Fika mara mbili au zaidi ikiwa unaweza. Mara ya kwanza mtu hukupa hadithi aliyoizoea kuisimulia. Mara ya pili huanza kusahihisha hadithi yake mwenyewe, na humo ndimo wasifu unamotoka.

Nianze vipi kuzungumza naye? Je, nipitie kwa sheha?

Msalimie kwa namna inayomstahiki: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, asalamu alaikum unapokuta kikao cha watu, na hodi hata kama unapoingia ni banda lisilo na mlango. Muite kwa cheo ambacho wenzake wanamwitia, awe Nahodha, Fundi, Mzee au Bi, na usikurupuke kumwita "tajiri" ingawa mabaharia wake humwita hivyo wao kwa wao, kwa kuwa neno hilo likitoka kinywani mwa mgeni husikika kama unapima mfuko wake. Jieleze mara moja wewe ni nani, makala yatatoka wapi, na nani atayasoma. Kama unakwenda kijijini usikojulikana, hasa katika visiwa vidogo, kumwona sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ni adabu na pia ni kinga, kwa sababu mtu mwenye daftari anayeuliza habari za vyombo na mapato hudhaniwa haraka kuwa ni wa kodi.

Niulize maswali gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linahitaji nafasi. Waandishi wengi huja na maswali kama "Ulianza lini?", "Changamoto zako ni zipi?" na "Unawashauri nini vijana?" La kwanza huzaa tarehe. La pili huzaa orodha ambayo kila mfanyabiashara wa Zanzibar anaweza kuitoa: mafuta ghali, vipuri adimu, msimu mbovu. La tatu huzaa hotuba. Hakuna hata moja linalomfanya mtu akumbuke siku fulani, mahali fulani, alipokuwa na njia mbili na akachagua moja.

Uliza juu ya siku. Badala ya "Ulianza lini?", uliza chombo cha kwanza kilitoka mikononi mwa nani, kilikuwa na kasoro gani, na nani aliyetoa fedha. Swali la nani aliyetoa fedha lina thamani kubwa, kwa kuwa jibu lake mara nyingi humleta mtu wa tatu katika hadithi: mama aliyeuza bangili, kaka aliyekuwa Oman, wanakikundi wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu waliokubali kumpa zamu ya mwanzo, au muuzaji aliyemwamini akampa chombo alipe kidogo kidogo. Wengi huepuka mikopo yenye riba kwa sababu za dini, hivyo namna walivyopata mtaji ni hadithi kamili kwa nafsi yake, na mwandishi akiipita kwa sentensi moja anakuwa ameacha moyo wa biashara nje ya makala.

Badala ya "Changamoto ni zipi?", uliza: "Mwaka 2020 ndege za wageni zilipoacha kuja, uliwafanyia nini mabaharia wako?" Swali hili lina mwaka, lina hali inayojulikana na kila mtu, na linamtaka aseme alichokifanya. Mmoja atakwambia aliirudisha boti katika uvuvi, mwingine aliuza mashine moja ili kuilinda nyingine, mwingine aliwaruhusu mabaharia waitumie boti bila ya kumpa chochote mpaka hali itengemae. Kila jibu kati ya haya ni tabia ya mtu, na hukuhitaji kumuuliza tabia yake.

Uliza pia juu ya kukataa. Ni lini mara ya mwisho alikataa kung'oa nanga wakati abiria wamekwisha kupanda? Nani aligombana naye, na je, aliyegombana alirudi tena kuwa mteja? Amewahi kumfukuza nahodha, na kwa sababu gani? Kuna mzigo ambao haubebi hata kwa nauli nzuri? Maswali ya kukataa huonyesha mipaka ya mtu, na mwenye biashara ya bahari asiyekuwa na mpaka wowote hadumu.

Kisha nyamaza. Watu wa pwani huzungumza kwa mzunguko. Mtu akianza kukueleza habari ya babu yake kabla ya kujibu swali lako la mashine, usimrudishe njiani, kwani huenda babu ndiye jibu.

Je, nawezaje kuuliza habari za fedha bila ya kumvunjia heshima?

Usimuulize ana kiasi gani. Muulize fedha inagawanywa vipi. Swali la kwanza linaingia ndani ya nyumba yake, na la pili linahusu kazi ambayo kila aliyepo diko anaijua. Katika uvuvi, samaki wakishauzwa mnadani, kwanza hutolewa gharama za safari kama mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hupigwa mafungu: la chombo, la mashine, la nyavu, na la mabaharia, huku nahodha akizidishiwa kwa dhamana yake. Uwiano hutofautiana kutoka diko moja hadi jingine, na mwenye chombo mwenyewe mara nyingi ana fungu zaidi ya moja kwa kuwa nyavu na mashine nazo ni zake. Muombe akupitishe katika mgao wa safari moja ya karibuni, hatua kwa hatua. Utapata tarakimu halisi, utaelewa nani anabeba hasara chombo kinaporudi kitupu, na utaweza kumweleza msomaji wa mjini kwa nini baharia huhama kutoka chombo hiki kwenda kile.

Kwa boti za wageni, fuatilia nauli ya safari moja namna hiyo hiyo: kilichochukuliwa na papasi, yaani kijana anayetafuta wageni mitaani, au na hoteli iliyomleta mgeni, mafuta, ada ya hifadhi kama ipo, malipo ya nahodha na msaidizi wake, na kilichobaki kwa ajili ya chombo. Akikataa kutaja kiasi, muulize akupe sehemu: je, mafuta yanakula nusu, robo, au zaidi? Andika alichokubali kukisema, na usikisie kingine.

Ni lazima nizungumze na watu wengine?

Ndiyo, bila ya hiari. Mwenye chombo hujua biashara kwa upande wa umiliki. Nahodha huijua kwa upande wa maji. Zungumza na nahodha, baharia mmoja aliyekaa muda mrefu na mmoja aliyeondoka, fundi anayekitengeneza chombo, na abiria au dalali. Nenda kwao peke yako. Baharia hatasema kitu cha maana tajiri wake akiwa amesimama pembeni, na ni ukosefu wa utu kumweka katika hali hiyo. Fundi ni shahidi ambaye waandishi humsahau, ingawa yeye ndiye anayejua kama mwenye chombo huleta kazi mapema au husubiri mpaka maji yaingie.

Maneno yao yakipingana na ya mwenye chombo, rudi kwake umpe nafasi ya kujibu, ukilinda asiyetaka kutajwa. Tofauti hizo usizifiche katika makala. Mwenye chombo akisema analipa kila wiki na mabaharia wakisema ni kila mwezi, andika kauli zote mbili.

Nizungumzie vipi usalama na ajali?

Kwa uwazi na kwa upole. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikiwa imejaza kupita kiasi na ikielekea Pemba. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, ikitokea Dar es Salaam. Familia nyingi za visiwa vyote viwili zilipoteza watu, na wavuvi na wenye boti walikuwa miongoni mwa waliotoka kwenda kuokoa. Kwa hivyo unapomuuliza mtu wa Nungwi au wa Mkoani habari za ajali, fahamu kwamba unaweza kuwa unamuuliza habari za msiba wake. Muulize kwanza kama yuko tayari kulizungumza jambo hilo, na akisema hapana, liache.

Hali ya sasa ya chombo ni jambo jingine, na hapo usione haya. Chombo kimekaguliwa lini? Maboya ya kuokolea yanatosha watu wangapi, na abiria waliopanda siku uliyokuwapo walikuwa wangapi? Hesabu mwenyewe. Kuna mashine ya akiba, au angalau makasia? Nahodha hupata wapi taarifa za hali ya hewa? Ukiona chombo kimejaza, andika ulichokiona, siku na saa, baada ya kumuuliza mwenyewe sababu. Wasifu unaofumbia macho jambo hili unaweza kumpeleka msomaji baharini katika chombo ambacho wewe mwenyewe usingekipanda.

Akinisimulia mambo ya magendo, niyaandike?

Wazee wengi wa vyombo, hasa wa Pemba, wana visa vya karafuu zilizovushwa usiku. Kabla ya kuandika, hakikisha anafahamu kwamba anazungumza kwa ajili ya kuchapishwa na kwamba jina lake litakuwapo. Kisa cha miaka mingi nyuma kinaweza kuandikwa kama historia akiridhia. Kisa cha juzi usikichukue kwa wepesi: zungumza na mhariri wako kwanza.

Tarehe anazonipa hazilingani. Nifanye nini?

Usimkosoe, msaidie kukumbuka kwa matukio. Watu wa hapa hupima miaka kwa mambo yaliyowapata wote: Mapinduzi ya Januari 1964, mvua za El Niño za 1997 na 1998, miezi mitatu ya giza Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, au mwaka 2010 umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba. Muulize kama alinunua mashine kabla au baada ya giza lile, na mwaka utajitokeza. Wazee wa bahari wanaweza pia kukutajia miongo, yaani makumi ya siku katika mwaka wa Nairuzi ambao manahodha na wakulima wameutumia kwa muda mrefu kuhesabu majira. Usiyageuze kuwa tarehe za kalenda kwa kukisia, muombe akuhesabie. Kisha linganisha na karatasi: leseni, risiti ya mashine, hati ya mauzo, hata tarehe iliyochorwa kwenye shetri, nyuma ya chombo. Na unapoandika saa, andika kwa hesabu yetu: saa moja asubuhi ni saa moja.

Nirekodi kwa simu?

Rekodi kwa ruhusa, lakini andika pia kwa mkono, kwa sababu upepo wa pwani na mlio wa mashine huharibu sauti. Kaa upande usiopigwa na upepo.

Akizungumza Kipemba au Kitumbatu, ninukuu vipi?

Nukuu kama alivyosema pale maneno yake yanapoeleweka kwa msomaji wa kawaida, na mahali pasipoeleweka eleza maana yake katika sentensi yako mwenyewe, nje ya alama za kunukuu. Kuyasanifisha maneno yake yote na kuyaweka ndani ya alama hizo kana kwamba ndivyo alivyotamka ni kumvisha kanzu isiyo yake. Kuyaacha makusudi yaonekane ya kuchekesha ni kosa zaidi. Kama lahaja si yako, msomee nukuu mtu wa kijiji hicho kabla ya kuchapisha.

Nianzie wapi kuandika?

Usianzie alipozaliwa, wala usianzie na uzuri wa bahari. Chukua mifano hii miwili, ambayo nimeitunga kwa ajili ya kufundishia:

"Katika kisiwa cha kijani cha Pemba, kilichozungukwa na maji ya buluu, yupo mwananchi mmoja mwenye bidii ambaye ameamua kujikwamua kimaisha kupitia sekta ya usafiri wa baharini."

"Saa kumi na mbili asubuhi mabaharia walikuwa wamekwisha kupakia madumu ya mafuta. Mwenye boti akashuka diko, akalitazama wingu la upande wa kusini kwa muda, akawaambia washushe. Wageni walirejeshewa fedha zao zote, na nahodha, aliyekuwa akiitegemea safari ile kulipa ada ya skuli ya mwanawe, akakaa juu ya dumu bila ya kusema neno."

Wa kwanza unaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kushuka pwani. Wa pili unamwonyesha mwenye boti akiamua, unaonyesha uamuzi huo unamgharimu nani, na unamwachia msomaji swali: kwa nini hakumlipa nahodha japo kidogo, au pengine alimlipa baadaye? Aya zinazofuata zinaweza kujibu swali hilo, kisha kurudi nyuma kueleza alivyopata chombo, na kusonga mbele kufuata maamuzi makubwa mawili au matatu, kila moja likipewa nafasi inayolingana na uzito wake. Miaka ambayo haikuwa na jambo ipite kwa sentensi moja. Maelezo ya kazi, kama vile mgao au kalafati, yaingize pale ambapo uamuzi hauwezi kueleweka bila ya kuyajua. Yakiwekwa peke yake huwa somo la darasani.

Methali za bahari ziache, isipokuwa amezisema yeye.

Anataka kusoma makala kabla ya kuchapishwa. Nimruhusu?

Vyombo vya habari vina taratibu tofauti, na ufuate za kwako. Mimi hushauri kumsomea nukuu zake na maelezo ya kiufundi ili arekebishe makosa ya ukweli: aina ya mbao, nguvu ya mashine, jina la fungu, ukoo wa mtu. Kufuta jambo la kweli kwa sababu halimpendezi ni suala jingine, na umwambie hivyo mapema, siku ya mwanzo.

Amenipa safari ya bure, au amenipa samaki nyumbani. Nikatae?

Safari ya kushuhudia kazi ni sehemu ya uandishi. Lipa nauli kama abiria wengine wanalipa. Chakula cha mgeni usikikatae, kwani kukikataa ni kumuumiza mwenyeji. Fedha, bahasha, au ahadi ya safari za familia yako, kataa kwa shukrani, na mueleze kwamba ukipokea wasomaji hawatayaamini hata yale mazuri uliyoandika juu yake.

Na picha?

Piga mikono, vifaa, chombo kikiwa kimepandishwa, na mtu akiwa kazini. Omba ruhusa kwa kila anayeonekana uso, hasa wanawake na watoto wanaosubiri samaki diko. Andika majina yao na sehemu aliyosimama kila mmoja papo hapo. Chombo cha mtu mwingine kisitokee katika picha kuu kana kwamba ni cha unayemwandika. Wenyeji watakitambua kwa rangi tu.

Makala yakishatoka, bado nina kazi?

Unayo. Mpelekee nakala iliyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu huenda hana njia rahisi ya kuyasoma mtandaoni, na mpe nahodha na fundi nakala zao pia. Wakikuonyesha kosa la ukweli, lisahihishe na uandike tarehe ya sahihisho. Rekodi za sauti na daftari zako uzihifadhi, kila moja ikiwa na jina la mahali na siku, ukiwa umemuuliza aliyezungumza kama anaridhia zitunzwe. Majina ya pepo, mafungu, mbao na mafundi yaliyomo humo mengi hayajaandikwa popote pengine, na wajukuu wa mwenye chombo wanaweza kuja kukuomba uwasikilizishe.